Kufunga turbo kwenye 1NZ hapa Mombasa: petroli kwanza, turbo mwisho

Kuning'iniza turbo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, kwenye injini ni kazi ya spana na welda. Fundi mzuri wa ekzosi, awe wa Changamwe au wa Kongowea, huimaliza wikendi moja na gari likawaka. Tatizo liko hapo kwenye kuwaka, maana mwenye gari akishasikia mluzi hudhani kazi imekwisha. Injini iliyoongezewa hewa bila kuongezewa petroli haitalalamika kwenye foleni ya Makupa. Itangoja siku utakapoikanyaga kupanda Mazeras ukitaka kuyapita malori, na pistoni itoboke hapo.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu unakwenda kinyume na wa gereji nyingi. Tunaanza na hali ya injini, tunafuata petroli na kompyuta, kisha kuchagua turbo na njia ya oili, na kuifunga turbo yenyewe kunakuja baadaye. Nimechukua injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyomo kwenye Probox, Fielder, Axio na Vitz RS, kwa sababu mji umejaa hizo na spea zake hazisumbui. Mwenye injini nyingine afuate hatua zilezile, abadilishe hesabu tu.

Kabla hujatoa hata shilingi

Fungua boneti uhakikishe una injini gani. Fielder na Axio nyingi za kuanzia 2015 zina 2NR-FKE, ambayo uwiano wake wa mgandamizo ni 13.5 kwa 1. Hiyo iache ilivyo. Ukiisukumia hewa ya ziada kwa petroli yetu ya pampu itagonga tu, yaani petroli italipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa utaratibu.

Halafu angalia giaboksi. Axio na Fielder nyingi za cc 1,500 za kuanzia 2006 ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kawaida, na Probox nazo zikaingia kwenye CVT mwaka 2014. Mkanda wa chuma ulio ndani ya CVT hauna uvumilivu wa nguvu za ghafla, na ukianza kuteleza bei yake hupita ya turbo. Gari linalofaa mradi huu ni la manyueli lenye kilachi kizima, au otomatiki ya zamani ya gia nne ambayo oili yake imebadilishwa kwa wakati. Kama lako ni CVT na moyo hautulii, uza ununue Subaru iliyotoka kiwandani na turbo yake. Nasema hivyo bila utani. Gharama ikijumlishwa yote, mara nyingi hiyo ndiyo njia ya bei nafuu, na spea zake mjini zipo.

Jambo la pili ni karatasi. Turbo haibadilishi cc zilizoandikwa kwenye logibuku, lakini kampuni ya bima ina haki ya kujua kwamba gari limebadilishwa. Waandikie kabla ya kazi kuanza, nao wakujibu kwa maandishi. Ukinyamaza, siku ya ajali watakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Silensa nayo ibaki mahali pake, kwa sababu ya sheria na kwa sababu ya majirani.

Hatua ya 1: Ipime injini uliyonayo

Probox nyingi zimebeba mizigo na abiria ambao Toyota haikuwahi kuwafikiria. Usikisie hali yake kwa sauti. Pasha injini moto mpaka joto lake la kazi, toa plagi zote nne, zima petroli kwa kuchomoa soketi za nozeli zinazorusha petroli, kisha pima mgandamizo wa kila silinda huku mwenzako amekanyaga aksela mpaka chini na kupiga stata. 1NZ nzima hutoa karibu psi 200 au zaidi. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15 hivi. Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Injini inayokula oili usiifungie turbo. Oili ikiingia kwenye chumba cha kuwakia hushusha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo, na hapo kugonga huanza mapema. Yafaa pia kuibadilisha sasa rejeta iliyoziba na tamostati iliyochoka, na kutia kulanti ya kweli. Maji ya bomba ya hapa hula alumini polepole, na gari la kawaida huweza kuvumilia kwa miaka, lakini la turbo halitavumilia.

Hatua ya 2: Amua presha, kisha ishikilie

Lengo langu kwa 1NZ ambayo haijafunguliwa ni bar 0.35 hadi 0.4, yaani psi 5 au 6. Sababu ni mbili. Kwanza, uwiano wake wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Linganisha na 4E-FTE ya Starlet Glanza, injini ambayo Toyota wenyewe waliitengeneza na turbo: hiyo ni 8.5 kwa 1. Toyota walishusha mgandamizo ili kuacha nafasi ya hewa ya turbo, na wewe nafasi hiyo huna. Pili, konrodi za 1NZ, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ni nyembamba. Ukizidisha presha, cha kwanza kuondoka ni konrodi, nayo hutokea ubavuni mwa bloku.

Kwa bar 0.4, injini iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 109 hivi itafika karibu 140 ukishatoa kinachopotea kwa joto na kwa mgandamizo wa ekzosi. Kwa gari jepesi kama Vitz hiyo ni tofauti kubwa sana, na anayeendesha ataijua kwenye gia ya pili.

Sasa kuna hesabu ambayo watu wa pwani huisahau. Geji ya turbo husoma presha iliyozidi hewa ya kawaida ya mahali ulipo. Mombasa tuko usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe ni bar 1.01. Nairobi, mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, hewa ni kama bar 0.83. Geji ikisoma 0.4 hapa, injini inapokea bar 1.41 kwa jumla, ikisoma 0.4 hiyohiyo Nairobi, inapokea 1.23. Tofauti yake ni karibu asilimia 15 ya hewa. Ndiyo maana mtu hukuambia, "Rafiki yangu wa Nairobi anatumia psi 8 na gari halina neno," nawe ukimwiga hapa unavunja injini. Kipimo cha bara hakifai kunakiliwa pwani.

Presha ya chini kabisa huamuliwa na springi ya westigeti, ule mlango unaopitisha moshi kando ya turbo. Hakuna kidhibiti cha umeme kitakachoshusha presha chini ya springi hiyo. Kama seti ya turbo unayouziwa ina springi ya bar 0.8, basi bar 0.8 ndiyo utakayoipata, utake usitake. Ulizia springi kabla ya kuulizia bei.

Hatua ya 3: Petroli

Hapa ndipo pesa ziende. Injini ya turbo hula takriban gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Tuweke lengo la 150 ili tuwe na akiba: 150 mara 270 ni kilo 40 na nusu kwa saa. Gawa kwa nozeli nne, kila moja inapata kilo 10 na kidogo, ambazo ni kama lita 13.7 kwa saa, sawa na cc 228 kwa dakika. Lakini nozeli haitakiwi kukaa wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo gawa 228 kwa 0.8. Unapata cc 285. Nunua nozeli za cc 300 hadi 350, nne za aina moja, zilizopimwa kwenye mashine na kupewa karatasi ya matokeo. Za kiwandani hazitoshi. Nozeli kubwa kupita kiasi nazo ni balaa la namna nyingine, kwani gari litanuka petroli likiwa limesimama.

Mfumo wa petroli wa 1NZ hauna paipu ya kurudisha tankini. Presha yake, bar 3 na kidogo, hudhibitiwa humohumo tankini na haijui kama kuna turbo. Sasa fikiria: ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa kuna bar 0.4 zinazosukuma kinyume na nozeli. Nguvu inayobaki ya kurusha petroli hushuka kutoka 3.2 hadi 2.8, na petroli inayotoka hupungua kwa asilimia 6 au 7 wakati uleule injini inapoihitaji zaidi. Lazima kompyuta ifidie hilo, au uweke rigeleta (kidhibiti cha presha) ya nje inayofuata presha ya manifoldi pamoja na paipu ya kurudishia. Kwa bar 0.4, kufidia kwenye kompyuta kunatosha.

Pampu ya tankini iliyozeeka ipime kwa wingi wa petroli, si kwa sauti. Chomoa paipu ya kwenda kwenye nozeli, weka geji na kizuizi ili presha ibaki bar 3, elekeza petroli kwenye galoni na uihesabu kwa dakika moja. Unahitaji lita 55 kwa saa kama kima cha chini, na mimi nisingeridhika chini ya 90. Zipo Walbro za lita 255 kwa saa, zipo pia nakala zake zisizo na idadi, hivyo nunua kwa mtu utakayeweza kumrudishia. Jua pia kwamba pampu kubwa huweza kuishinda rigeleta ndogo ya tankini na presha ikapanda. Pima tena baada ya kuifunga. Kazi hii fanya nje, mbali na welda na mbali na mwenye sigara, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Plagi ziwe za baridi zaidi, yaani zinazotoa joto haraka zaidi, kwa daraja moja kuliko za kiwandani, na nafasi ya cheche ipunguzwe kutoka milimita 1.1 hadi 0.7 hivi, la sivyo cheche itazimwa na presha.

Hatua ya 4: Kompyuta

Kompyuta ya kiwandani haijawahi kuambiwa kuna kitu kinaitwa turbo. Ikiona hewa imepita kiwango inachokijua, ama itakata petroli ghafla au itabahatisha. Kuna njia mbili zinazoeleweka. Moja ni kompyuta ya kuongezea, inayokaa katikati ya sensa na kompyuta ya asili na kuidanganya kwa busara. Nyingine ni kompyuta kamili ya kuprogramu, inayochukua kazi yote. Kwa presha yetu ndogo ya kwanza yatosha, mradi iweze kuongeza petroli na pia kurudisha nyuma muda wa cheche. Inayoongeza petroli peke yake usiichukue.

Kuna kifaa cha zamani kinachopandisha presha ya petroli kwa kufuata presha ya turbo bila kompyuta yoyote. Kipo bado kwenye seti za bei rahisi. Kiache huko huko.

Muhimu kuliko vyote ni sensa pana ya oksijeni na geji yake. Sensa ya kiwandani inaweza kukuambia tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7 (sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli), haiwezi kukuambia ni kwa kiasi gani. Ukikanyaga mpaka mwisho unataka kuona 11.5 hadi 11.8. Ikipanda 13 huku presha ipo, ondoa mguu hapo hapo. Bila geji hii hakuna fundi wa duniani anayeweza kutyuni turbo, yaani kuirekebishia kompyuta yake, hata akiwa na masikio ya popo.

Hatua ya 5: Kuchagua turbo na seti

Kwa cc 1,500, turbo ndogo ndiyo inayofurahisha. TD04 iliyotolewa kwenye Subaru Forester ya turbo inapatikana madukani kwa wauza spea za Japani, na inatosha kabisa. Kubwa zaidi itachelewa kushika, na foleni ya Nyali haitakupa nafasi ya kuingoja.

Ukipewa turbo iliyotumika, ishike ncha ya shafti. Kucheza kidogo juu na chini ikiwa kavu ni kawaida kwa turbo za beringi za shaba. Kucheza mbele na nyuma kusisikike kabisa. Mabawa yawe hayajakwaruza nyumba yake, na mdomo wa kutolea hewa usiwe na oili nzito. Akikukataza muuzaji kuikagua, kuna duka jingine.

Kuhusu seti mpya zinazoagizwa nje, angalia manifoldi ya ekzosi. Ya chuma cha kumimina ni nzito na mbaya kwa macho lakini hukaa miaka. Ya mabomba yaliyochomelewa hung'aa na baadaye hupasuka kwenye viungo. Kwa paipu za ekzosi, hewa yetu ya chumvi haina huruma: chuma cha kawaida kitaota kutu kabla hujamaliza mkopo. Lipia stenlesi ya 304, na welda awe anajua kuichomelea kwa gesi ya agoni.

Hatua ya 6: Njia ya oili

Turbo nyingi zinazokufa huuawa na oili, iwe imekosekana, imechafuka au imekosa pa kutokea.

Oili ya kwenda kwenye turbo hutolewa kwenye tundu la swichi ya presha ya oili, kwa kuweka kiungo cha njia tatu. Toyota hutumia nyuzi za BSPT za inchi 1/8. Seti nyingi huja na viungo vya NPT vya inchi 1/8, ambavyo vinafanana mno kwa macho. BSPT ina nyuzi 28 kwa inchi, NPT ina 27. Kitaingia mizunguko miwili mitatu, kitakaza, na kisha kitavuja au kupasua alumini. Mwambie fundi hivyo kabla hajashika spana, kwa adabu, maana atakwambia amefanya kazi hii miaka mingi.

Paipu ya kurudishia oili ndiyo inayoharibiwa zaidi. Oili inayotoka chini ya turbo haina presha. Inaporomoka kwa uzito wake, imejaa povu. Kwa hiyo paipu iwe na tundu la milimita 16 au zaidi, iteremke moja kwa moja bila kupanda wala kujipinda, na iingie kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Ikiingia chini ya usawa huo, oili itarudi nyuma, itapita kwenye sili za turbo, na ekzosi itatoa moshi wa buluu. Hapo watu hununua turbo mpya bure.

Shusha sampu kabla ya kuitoboa. Usikubali itobolewe ikiwa garini, kwani chembe za chuma zitaishia kwenye beringi za krenki. Ishike kwa sumaku kwanza: ikinata ni chuma, chomelea kwa njia ya kawaida; isiponata ni alumini, itataka fundi mwingine. Ioshe kwa petroli mara mbili, ikauke, ndipo uirudishe na silikoni mpya iliyopakwa kwa ukonde. Silikoni isiwekwe kamwe kwenye gasketi za oili za turbo. Kipande kikikatika huziba tundu.

Kama turbo ina njia za maji, ziunganishe. Wapo wanaoziziba wakisema gari halikimbii sana. Turbo inayochemsha oili yake baada ya kuzimwa haijali ulikuwa unakimbia wapi.

Hatua ya 7: Kufunga vyuma

Sehemu hii ni fupi kwa sababu fundi wako anaijua. Chomoa betri. Toa ekzosi ya asili kwa kupulizia stadi mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Stadi za pwani hukatika. Weka gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, manifoldi, turbo, kisha daunpaipu, ile paipu ya ekzosi inayoshuka kutoka kwenye turbo. Turbo ikae ili tundu lake la oili lielekee chini, isiegemee zaidi ya digrii 30 hivi. Kabla ya kukaza chochote mpaka mwisho, hakikisha hakuna mpira, waya wala paipu ya breki iliyo karibu na nyumba ya moto ya turbo. Pasipoepukika, weka ngao ya bati na kitambaa cha kuzuia joto. Baada ya kuwasha na kupoa mara chache, stadi zote zikazwe tena.

Hatua ya 8: Njia ya hewa

Hewa ikigandamizwa hupata moto. Mchana wa Machi hapa ni nyuzi 32 au 33. Kwa bar 0.4, hewa hiyo hutoka kwenye turbo ikikaribia nyuzi 80, na hiyo ni kama ilivutwa kutoka nje. Ikivutwa kutoka ndani ya boneti, anza hesabu kwenye 60. Kwa hiyo intakula, ile rejeta ya hewa, si pambo. Iweke mbele, ipate upepo, lakini isizibe rejeta ya maji. Acha nafasi kati yake na uhakikishe feni zote mbili zinafanya kazi, maana kwenye foleni ya Likoni hakuna upepo isipokuwa wa feni.

Filta ya hewa ndiyo inayonikera. Seti nyingi huishusha chini ya bampa ipate hewa ya baridi. Nadharia nzuri, ila wanaoiandika hawajawahi kuendesha mjini kwetu mwezi wa Mei baada ya mvua ya usiku mmoja. Filta ikizama kwenye dimbwi, injini hunywa maji, na maji hayagandamiziki. Konrodi hupinda pale pale. Iweke juu, nyuma ya taa, na uikingie joto kwa bati.

Paipu zote zifungwe kwa mipira ya silikoni na klipsi za bolti, si zile za skrubu. Kisha zipime. Tengeneza kizibo chenye valvu ya tairi, kifunge kwenye mdomo wa turbo, mwombe fundi wa pancha akupe kompresha yake, ingiza bar 0.5 na upake povu la sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu pana uvujaji. Sabuni ya shilingi chache inaokoa siku nzima ya kutyuni.

Usisahau paipu ya pumzi ya injini. Valvu ya PCV ya asili hutegemea mvuto wa manifoldi. Presha ikigeuka, hewa ya turbo itaingia kwenye sampu na kusukuma sili za mafuta nje. Weka valvu ya njia moja iliyo nzima, na upande wa pili upitie kwenye kikopo cha kukusanyia oili. Hakikisha pia valvu ya paipu ya busta ya breki inashika.

Hatua ya 9: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Weka oili mpya ya sinthetiki kamili, 5W-40 au 10W-40, na filta mpya. Mimina oili kidogo kwenye tundu la kuingilia la turbo huku ukizungusha shafti kwa kidole. Chomoa soketi za nozeli na za koili, kisha piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe soketi na uwashe.

Acha ingurume taratibu, usiikanyage. Mtu mmoja aangalie chini kama kuna uvujaji, mwingine asikilize. Moshi mweupe wa dakika za mwanzo ni oili ya kufungia ikiungua kwenye ekzosi. Ukizidi robo saa, zima uangalie paipu ya kurudishia oili.

Hatua ya 10: Kutyuni na kujaribu barabarani

Fanya kazi hii saa za mchana wa joto. Gari lililotyuniwa usiku wa Julai litagonga mchana wa Februari. Jaza petroli ya kituo kile kile utakachotumia siku zote. Ukitegemea V-Power, petroli ya daraja la juu ya Shell, basi ujue umeshajifunga nayo.

Anza bila presha. Safari ya mjini, aksela nyepesi, mtyuni akiweka sawa mchanganyiko wa mwendo wa kawaida. Presha ifuate baadaye, gia ya tatu, kidogo kidogo, mtu wa pili akisoma kompyuta. Dereva asisome chochote ila barabara. Kwa muda wa cheche, kianzio cha kawaida ni kurudisha nyuma digrii moja kwa kila psi, kisha kurekebisha. Ukisikia mlio kama kokoto zikitikiswa kwenye kopo, achia aksela. Tafuta barabara tupu yenye bega pana. Daraja la Nyali si mahali pake, hata saa nane za usiku.

Breki zikaguliwe kabla ya siku hiyo. Pedi mpya na mafuta mapya ya breki ndiyo machache ninayoyadai. Tairi za kubahatisha toa.

Baada ya hapo

Kilomita 500 za kwanza: kaza stadi za manifoldi, badilisha oili, kata filta ya zamani uangalie kama ina vumbi la chuma. Kisha oili kila kilomita 5,000 bila kujadiliana. 1NZ hubeba kama lita 3.7 tu, na sasa zinapita kwenye kitu chenye moto mkali. Suuza intakula kwa maji baridi ukiwa umeendesha ufukweni, chumvi isiishi kwenye mapezi yake.

Ukitoka Ukunda kwa kasi ukafika kivukoni, usizime mara moja. Acha injini ipumue dakika moja au mbili kwanza. Foleni itakupa muda huo.

Na ukienda Nairobi, kilomita karibu 480 za kupanda, utaona gari halina nguvu ileile ya pwani japo geji inasoma 0.4. Hewa ni nyepesi, na turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufikisha namba hiyo. Usipandishe presha ukiwa huko, kwa sababu utasahau kuishusha, na siku ya kurudi utateremka Mariakani na hewa nzito ya bahari ikikungoja. Kama kompyuta yako inasoma presha ya manifoldi badala ya wingi wa hewa, mwambie mtyuni aingize jedwali la fidia ya mwinuko kabla ya safari, na upime mchanganyiko ukifika Voi na tena ukifika Mtito Andei.